Nondo wa Fuvu Katika Nyumba ya Eda

Yuko nondo mmoja mkubwa, mabawa yake ya mbele ni ya kahawia iliyokoza na ya nyuma ni ya manjano, ambaye Mwenyezi Mungu amemuumba na alama mgongoni inayofanana na fuvu la kichwa cha binadamu. Si mfano wa mbali, unaomtaka mtu akodoe macho ndipo auone. Matundu mawili ya macho yapo, taya ipo, na rangi yake ni ile ya mfupa uliokaa juani. Mabawa yakitandazwa hufika sentimita 10, na wako wafikao 12. Na akishikwa hulia. Hulia kwa sauti nyembamba, kama ya panya aliyebanwa na mlango. Mdudu wa namna hiyo akiingia katika nyumba yenye msiba, wageni wengi huona kuwa saa ya kuaga imewadia.

Sisi hatukuwa na pa kwenda. Mama yetu alikuwa ndani ya eda, na nyumba aliyoingia nondo huyo ndiyo nyumba yenyewe.

Tunaishi Landless, mtaa ulio nje kidogo ya mji wa Thika, upande wa barabara iendayo Garissa. Jina hilo la Kiingereza maana yake ni wasio na ardhi, na siku hizi wenyeji hulicheka, kwa kuwa ndiko watu wanakokimbilia kununua viwanja. Baba, Mwenyezi Mungu amrehemu, alitutoa Mombasa miaka mingi iliyopita kwa sababu ya kazi ya kiwandani. Katika mizigo yake alibeba mche wa asumini ndani ya mkebe wa samli. Thika iko juu, kiasi cha mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na baridi ya mwezi wa Juni na Julai si baridi ya kuizoea mti wa pwani. Mwasumini ule ulijikunyata miaka miwili, mitatu, jirani wakituambia tuung'oe tupande sukumawiki. Baba akakataa. Hatimaye ukashika, ukapanda nguzo ya baraza, ukawa unatoa maua.

Wasomaji wetu wa pwani hawahitaji kuelezwa asumini ni nini katika nyumba. Vitumba huchumwa alasiri kabla havijafunguka, hutiwa katika kisahani chenye maji, na ikifika magharibi nyumba nzima inanukia. Mama alifanya hivyo jioni baada ya jioni. Baba alipofariki, mwishoni mwa Agosti, desturi hiyo ilikoma siku ile ile, maana mwenye eda hajipambi wala hajitii manukato muda wa miezi minne na siku kumi. Vitumba vikabaki mtini. Vikafunguka venyewe usiku, vikaanguka vyenyewe asubuhi, na harufu yake ikawa inaingia dirishani bila ya kuitwa. Tulifikiria kuukata. Mama akasema uachwe.

Nondo aliingia mwezi wa pili wa eda, vuli ikiwa imeanza, baada ya sala ya isha. Aliifuata taa, akapiga mabawa kwenye dari, kisha akatua juu ya pazia jeupe, karibu kabisa na pale mama alipoketi. Alikuwako jirani yetu mmoja, mama mwema ambaye tangu siku ya mazishi hakukosa kutuletea uji wa wimbi. Alipouona mgongo wa mdudu yule alisimama, akasema kwamba huyo haji mara moja. Akishamchukua wa kwanza, hurudi kumfuata wa pili. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anavyosema mvua inakuja, anueni nguo.

Mjukuu wa mama, mtoto wa miaka saba, alikuwa amelala kwenye mkeka. Sote tulidhani amelala.

Mama aliomba bakuli. Alimfunika nondo palepale pazia lilipokuwa, akaingiza kipande cha kadi ya harusi kwa chini, na yule ndani akaanza kulia. Mmoja wetu alikwisha kuvua kiatu. Mama akasema kiatu kirudi mguuni, akamtoa hadi barazani, akafunua bakuli. Kabla hajafunua tulipiga picha kwa simu. Aliporudi kuketi alimkumbusha jirani, kwa upole, habari ya siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, jua likapatwa, na watu wakasema limepatwa kwa ajili ya kifo kile. Mtume mwenyewe, naye ndiye mfiwa, aliwakatalia: jua na mwezi havipatwi kwa kufa wala kwa kuishi kwa mtu yeyote. Ikiwa jua halikumpatia mwana wa Mtume, alisema mama, mdudu huyu atampatia nani?

Hoja hiyo ilitutosha sisi wakubwa. Haikumtosha mtoto.

Usiku wa pili yake tulimkuta ameketi nje ya mlango wa chumba cha bibi yake, ameshika ufagio. Tulimrudisha kitandani, akarudi mlangoni. Ikawa hivyo usiku baada ya usiku. Shuleni alianza kusinzia darasani. Alipoulizwa alisema yeye ni mlinzi tu. Kwa kuwa babu yake alifariki hospitalini, alfajiri, wakati yeye amelala, ilikuwa wazi kichwani mwake kwamba kulala ndiko kulikofanya babu aondoke. Msiba huingia kwa watoto kwa milango ambayo watu wazima hatuiangalii. Sisi tulikuwa tumeshughulika na wageni, na hitima, na karatasi za mirathi.

Tulianza kumtafutia mtoto habari za mdudu yule, na tulichokipata mwanzo kilizidi kutia hofu. Kwa wataalamu jina lake ni Acherontia atropos. Ni wa ukoo wa nondo wanaoitwa sphinx, jina la sanamu la Misri ambalo Waarabu huliita Abul Haul, baba wa kitisho. Waliitwa hivyo kwa sababu viwavi wao wakitulia huinua kifua na kuinamisha kichwa, wakafanana na sanamu lile. Carl Linnaeus wa Uswidi ndiye aliyempa huyu jina la atropos, mwaka 1758. Katika ngano za Wayunani wa kale, Atropos ni yule dada wa tatu anayekata uzi wa uhai wa mtu. Acheron ni mto wa wafu. Wako ndugu zake wawili: mmoja, styx, ambaye jamaa zetu walio Bara Arabu huenda wakamwona, naye amepewa jina la mto mwingine wa wafu, na wa pili, lachesis wa Bara Hindi na mashariki yake, amepewa jina la dada anayepima uzi kabla haujakatwa. Kwa hiyo jirani yetu wa Landless hakuwa peke yake. Mabingwa wa Ulaya, pamoja na elimu yao, waliutazama mgongo ule ule wakafikiria jambo lile lile. Tofauti ni kwamba wao waliliandika kwa Kilatini.

Lakini mtu akipita majina akaingia katika maisha ya mdudu mwenyewe, kitisho kinapungua na mshangao unaongezeka. Nondo wengi wa ukoo huu wana ulimi mrefu wa kunyonya maji matamu ndani ya maua. Ndiyo sababu maua yanayowategemea huwa meupe, hufunguka jioni na kunukia gizani, kama asumini. Habari mashuhuri ni ya Charles Darwin, aliyeletewa ua la Madagaska lenye kikoba chembamba cha kina cha kiasi cha sentimita 30. Akasema mwaka 1862 kwamba lazima yuko nondo mwenye ulimi wa kufikia chini kule. Watu walimcheka. Nondo huyo alitangazwa mwaka 1903, miaka 21 baada ya Darwin kufa.

Wetu mwenye fuvu hana ulimi huo. Wake ni mfupi, mnene, wenye ncha kali, nao haukuumbwa kwa ajili ya ua. Umeumbwa kwa kutoboa nta. Chakula chake ni asali, na huifuata ndani ya mzinga, usiku, katikati ya maelfu ya nyuki. Anawezaje kutoka hai? Mwaka 1991 watafiti walionyesha kwamba juu ya mwili wake mna mafuta ya aina nne, yaleyale yaliyo juu ya mwili wa nyuki, na kwa vipimo vinavyokaribiana. Nyuki hutambuana kwa harufu katika giza la mzinga. Huyu huingia amejipaka marashi ya wenyeji. Na ile sauti yake hutoka mdomoni, kwa kuvuta hewa ndani ya koo na kuitoa. Ni jambo la nadra kwa wadudu, ambao wengi wao hupiga kelele kwa kusugua miguu au mabawa. Wako wataalamu waliodhani kuwa mlio huo huwatuliza nyuki kwa kufanana na mlio wa malkia wao.

Mama alipenda sana habari ya marashi. Alisema ndani ya nyumba yetu wakati ule aliyejipamba ni mmoja tu, naye alikuja kuiba.

Tulimweleza mtoto yote hayo. Alisikiliza, akauliza maswali ya maana, na usiku akachukua ufagio wake.

Aliyetufaa ni mzee mmoja kutoka upande wa Gatuanyaga, ambaye tangu zamani alikuwa akimletea baba asali. Hakuwa na habari ya msiba. Alikuja na chupa zake mbili kama kawaida, akaambiwa mlangoni. Aliketi barazani kimya kwa muda, kisha akapaza sauti kidogo ili asikike ndani: "Mama, pole sana. Huyu mzee alikuwa mtu wangu." Mama akamjibu kutoka chumbani, akaagiza apewe chai. Tukiwa tunangoja maji yachemke tulimwonyesha ile picha ya simu, kwa kuwa hatukuwa na la kuzungumza. Mzee aliitazama, akacheka mpaka akafuta macho.

"Huyu ni mwizi wangu," akasema.

Akaeleza, huku mtoto akiwa amesimama nyuma ya kiti chake, kwamba huwakuta mizingani. Wengine hushiba wakatoka. Wengine hushindwa. Nyuki wakishamgundua humchoma, na kwa sababu hawawezi kumbeba mtu mkubwa kiasi kile kumtoa mlangoni, humzungushia gundi yao ya miti hadi anakuwa kama amepakwa chokaa. Yeye mzee hupunguza mlango wa mzinga ili nyuki apite na huyu asipite. "Ana shida gani na watu? Mimi nimemshika kwa mkono. Anapiga kelele tu, kama mwizi yeyote."

Mtoto akauliza kama mwizi huyo aliingia kwetu kutafuta asali. Mzee akafikiri kwa makini, kama aulizwaye na mtu mzima mwenzake. Akasema hapana, pengine taa ilimpoteza njia, lakini kama iko asali ndani, ni vizuri ifunikwe.

Usiku ule mtoto aliifunika chupa ya asali kwa kitambaa, akaizungushia mpira wa kufungia, akaikagua mara mbili. Kisha akalala. Ufagio tuliukuta jikoni. Hatudai kwamba hofu yote iliondoka kwa siku moja, kwani baadaye zilikuwako nyusiku nyingine. Lakini mwizi ni mtu anayeweza kufungiwa mlango, na malaika wa mauti hafungiwi. Mtoto alihitaji kupewa kazi aliyoweza kuimaliza.

Kilichofuata hatukukitazamia, ingawa mtu angetafakari angekitazamia. Wiki chache baadaye mama, akifagia baraza, aliona chini ya mwasumini vitu vyeusi kama pilipili manga. Akaangalia juu. Majani yalikuwa yamekatika nusu ya mti, na juu ya vijiti vitupu walikuwa viwavi watatu, wa manjano yenye kuingia kijani, mkubwa wao amefika sentimita 12. Ubavuni walikuwa na mistari ya mshazari ya rangi ya buluu ya zambarau, mkiani pembe iliyopinda, yenye chunjuachunjua. Viwavi wa nondo huyu hula majani ya viazi, tumbaku, biringanya, na miti mingine kadhaa, na asumini ni mmoja wao. Yule mgeni wa usiku, au mwenzake, alikuwa ametuwekea mayai.

Hapo neno likawa zito. Mti huo ndio kitu hai pekee alichotuachia baba kwa mkono wake. Ndugu yetu alikwisha kwenda dukani kutaka dawa ya kupuliza. Tukajaribu njia ya katikati, tukawahamishia viwavi kwenye mibiringanya yetu ya guniani, kwa kuwa vitabu vinasema huila. Hawakuila. Waliozoea asumini walikaa juu ya biringanya siku nzima bila kutia mdomo, wakigongesha taya zao kila walipoguswa. Mama alitutazama mpaka jioni. Kisha akamwagiza mtoto awarudishe, mmoja mmoja, na majani yao.

Tulimwuliza kama hana uchungu. Akasema uchungu anao, lakini mti umekatwa na baridi za Thika miaka mitatu ukachipua, basi hautashindwa na midomo mitatu. Akaongeza kwamba miezi hii mwenyewe haruhusiwi kuvaa ua lake, na halikumpendeza wazo la kuua ili alilinde ua asilolivaa. Si kila mtu atakubaliana naye. Mkulima wa viazi mwenye ekari nzima ana hesabu nyingine, nasi hatumlaumu.

Viwavi walikula siku kama nane zaidi, wakabadilika rangi, wakashuka wenyewe, wakajizika. Hujichimbia chini, hata sentimita 30 na zaidi, wakajitengenezea chumba laini katika udongo, na humo hugeuka. Kiwavi wa nchi ya joto hukaa huko wiki kadhaa tu, lakini ukame ukizidi aweza kungoja. Baadhi ya watokao katika bara letu huruka hadi Ulaya kila mwaka. Watafiti waliokuwa Ujerumani waliwafunga nondo 14 wa aina hii vyombo vidogo vya redio, wakawafuata usiku kwa ndege ndogo, na mwaka 2022 wakatangaza kwamba huruka kwa kunyooka hata upepo ukiwapinga, wengine kiasi cha kilomita 80 kwa usiku mmoja. Mtoto alitaka kujua kama kilomita 80 ni Mombasa. Tukamwambia ni kwenda Nairobi na kurudi.

Hapa tuseme jambo kuhusu mahali tunapoishi. Ruiru, majirani zetu, ndiko kuliko kituo cha utafiti wa kahawa, kilichotoa mbuni wa Ruiru 11 mwaka 1985. Mashamba ya kahawa ya Ruiru na Thika yana nondo wake wa ukoo huu huu, Cephonodes hylas, ambaye kiwavi wake hula majani ya mbuni. Huyo huruka mchana, mabawa yake ni kama kioo, kwani magamba yake hupukutika anaporuka mara ya kwanza, na wengi humdhani nyuki mkubwa. Mashamba hayo leo yanakatwa viwanja. Na si kahawa tu. Mwaka 2009 mtaalamu wa wadudu Mkenya, Dino Martins, pamoja na mwenzake, walichapisha utafiti kuhusu mipapai ya Kenya, kwamba wanaoichavusha ni nondo wa ukoo huu, na kwamba mashamba yaliyo mbali na vichaka na misitu hutembelewa nao kidogo. Mtaani kwetu wako wanaolalamika kuwa papai zao zinatoa maua na hazizai, na palipokuwa na kichaka jana pana ukuta na taa inayowaka hadi alfajiri. Hatusemi kila mpapai tasa una sababu hiyo, maana mwingine ni dume tu. Tunasema akina mama wanaopanda papai uani wasimkimbilie kila nondo kwa kiatu.

Eda ilipokaribia kwisha, ndugu yetu aliamua uwanja utandikwe kabro, ili jamaa wakija kwa dua wasikanyage tope. Fundi alikuja na vijana wake, wakapima, wakaanza langoni. Walipoukaribia mwasumini, ambao ulikuwa umeanza kutoa majani madogo, mama alituma neno kwamba wasimamishe hatua tatu kutoka shinani. Fundi akataka kujua kama kuna bomba. Mtoto akamwambia hakuna bomba, kuna wezi watatu wamelala, na bibi amesema wasiamshwe.

Fundi aliutazama udongo, akatutazama sisi. Akapunguza bei ya mita mbili za mraba, akaendelea na kazi.